Litricha ya Kiingereza chuo kidogo cha kanisa: majibu yangu kwa mnaoniuliza huku Kigoma

Matokeo ya fom siksi yakitoka tu simu yangu haipoi. Huku Mwanga watu wanajua nilienda kusoma litricha ya Kiingereza na uandishi kwenye chuo cha kanisa, kile kidogo cha mkoa wa mbali, sasa kila mzazi mwenye mtoto wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) anataka nimwambie kinafaa au hakifai. Naandika hapa mara moja ili tusirudie rudie. Jina la chuo sitaji, maana mengine nitakayosema hayatawafurahisha, na halafu vyuo vya namna hii vinafanana sana, viwe vya Wakatoliki, Waanglikana au Walutheri, ukijua kimoja unajua cha kuuliza kwa wenzake.

Jibu la haraka kwa wasio na muda: kama unataka mtu mzima aliyesoma akae chini asome ulichoandika mstari kwa mstari, nenda. Kama unataka maktaba, usiende, au nenda na simu yenye nafasi ya kutosha. Kama shida yako ni cheti cha kuombea kazi, zipo njia fupi na za bei nafuu kuliko hiyo.

Wenye muda tuendelee.

Kitu unachokilipia pale ni udogo wa darasa, hicho tu, mengine ni ya kawaida au chini ya kawaida. Washkaji zangu waliopangiwa vyuo vikubwa walikuwa wanasoma ukumbini mamia kwa mamia, lekchara anaongea kwenye spika, waliochelewa wanasimama madirishani, asaimenti unaikusanya kwa CR, yaani kiongozi wa darasa, na inarudi ina namba tu juu, saba kati ya kumi, kwa nini saba hujui na utakufa hujui. Sisi tulikuwa wachache kiasi kwamba ukikosa kipindi lekchara anamtuma mtu hosteli aje kuangalia kama unaumwa. Ina raha yake na ina kero yake hiyo, maana kujificha hakuna, kudesa ndo usiseme, mwalimu anajua unavyoandika kama anavyojua sauti yako, ukileta aya ya mtu mwingine anakuuliza hapo hapo mbele ya watu hii ya nani.

Asaimenti ya kwanza ya uandishi tuliambiwa tuandike ukurasa mmoja kuhusu kitu cha kwenu ambacho wenzako darasani hawajakiona. Mi mtu wa mwisho wa reli nikaandika MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Nikaanza kama tulivyozoeshwa sekondari, nchi yetu imebarikiwa vivutio vingi vikiwemo maziwa, milima na mbuga, Liemba ni meli kongwe na muhimu kwa maendeleo ya wananchi wa mwambao. Ikarudi aya yote ya kwanza imepigwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu kutoka kona hadi kona, na chini kaandika hivi: abiria wako wapi? Halafu: meli inanuka nini? Ndo hivyo tu, alama hakuweka. Nikakaa na ile karatasi jioni nzima. Inanuka dizeli na dagaa wakavu, na mawese yaliyovuja kwenye madumu ya njano, na ukiwa umelala kwenye dek usiku kuna ule ubaridi wa chuma unaokuingia mgongoni hata ukitandika kanga mbili. Nikaandika hayo. Ikarudi tena, safari hii imewekewa alama za swali pembeni karibu kila mstari. Nikaandika tena. Mpaka anaipa alama nilikuwa naichukia Liemba na lekchara kwa pamoja, ila mpaka leo sijawahi tena kuanza kuandika kitu kwa kusema nchi yetu imebarikiwa.

Na yeye ndo akaniambia kitu ambacho mi niliyekulia Kigoma sikukijua. Meli nilikuwa najua ni ya Mjerumani, imetengenezwa Papenburg 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikaletwa kwenye makasha mpaka Kigoma ikaungwa upya, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikapewa jina la Liemba, hiyo kila mtoto wa bandarini anakuhadithia. Nisichojua ni kwamba vita vile vya ziwani, Wajerumani na Waingereza, vilimpa C.S. Forester wa Uingereza wazo la riwaya yake ya The African Queen ya 1935, ile iliyokuja kutengenezwa filamu 1951. Yaani watu wa dunia nzima wamekaa sinema wanaangalia kitu kilichotoka ziwani kwetu na mi nasoma Kigoma sekondari sijawahi kusikia. Tulisoma sura kadhaa. Hadithi inaenda, jamaa anajua kuendesha kisa, lakini Waafrika humo ni kama miti ya kando ya mto, wapo tu. Lekchara hakutuambia tukasirike wala tusikasirike, alituuliza tu nani anaongea kwenye huu ukurasa na nani haongei, halafu akanyamaza mpaka mtu ajibu, na alikuwa na uwezo wa kunyamaza muda mrefu yule mzee.

Na Stanley vivyo hivyo. Wa Ujiji wote tumepelekwa na shule kwenye mnara pale chini ya miembe, tumeambiwa Stanley alimkuta Livingstone hapa 1871, tumepiga picha tukarudi. Chuoni tulikisoma kile kipande kwenye kitabu cha Stanley mwenyewe cha 1872, na tukakisoma kama unavyosoma hadithi: anayesimulia ni nani, kalipwa na nani (gazeti la New York Herald ndo lilimtuma, kwa hiyo alikuwa na mteja wa kumfurahisha), na kwa nini ile salamu yake maarufu, "Dr. Livingstone, I presume?", imekaa vizuri mno kama mtu aliyekaa akaitafakari baadaye. Halafu ukiambiwa kwamba kurasa za shajara yake za siku ile zilichanwa ndo unaanza kukuna kichwa. Kwa mujibu wa Stanley mwenyewe, mtu wa kwanza kumsalimia kwa Kiingereza Ujiji alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, alitokea kwenye kundi la watu akamsabahi. Asaimenti: andika tukio lile lile, msimulizi awe Susi. Kurasa tatu. Aisee hiyo ilikuwa kazi. Unadhani ni rahisi mpaka unapoanza kujiuliza Susi alikuwa amekula nini asubuhi, alimwonaje huyu mgeni na bendera yake, na kwa Kiingereza gani atasimulia, kilichonyooka au cha mtu aliyejifunzia safarini. Mmoja wetu aliandika Susi ambaye hakuvutiwa kabisa, kazi yake ilikuwa kuhesabu mizigo ya mgeni, darasa zima tulicheka, na ilikuwa nzuri kuliko zetu zote.

Sa kuna swali ambalo wazazi wa Ujiji wananiuliza kwa sauti ya chini, chuo cha kanisa mtoto wangu wa Kiislamu atakaa vipi. Tulikuwa na binti wa Ujiji darasani, na hijabu yake, alimaliza vizuri tu. Ibada hakulazimishwa, ila kozi ya maadili ya Kikristo aliisoma kama sisi na mtihani akafanya, hilo mlijue mapema maana linaonekana kwenye matokeo. Vitu vilivyomsumbua ni vidogo vidogo, kantini mchana wa Ramadhani inapiga pilau dirishani kwake, ratiba za Ijumaa alikuwa anaziombea ruhusa kila semista upya kana kwamba Ijumaa ni jambo geni. Lekchara walimheshimu. Ofisi ndo ilikuwa inajisahau.

Na huyo binti ndo aliyetuokoa kwenye ushairi. Mnajua sisi shairi tumefundishwa kuhesabu, mizani nane na nane, vina vya kati na vya mwisho, ukipungukiwa silabi moja shairi limechechemea. Basi tukaingia kwenye mashairi ya Kiingereza na ule mstari wao wa silabi kumi, darasa zima tunahesabu vidole, kumi zimetimia, safi, lekchara anasema hapana, sikilizeni mnapokanyaga. Kukanyaga wapi? Kiingereza kinahesabu mikazo, silabi ipi nzito ipi nyepesi, na mkazo unahama kutoka neno hadi neno, wakati kwetu mkazo unajulikana, silabi ya pili kutoka mwisho basi. Wiki nzima watu hatuelewi. Yule binti kalelewa kwenye kasida na maulidi, akaanza kuusoma mstari wa Milton, mshairi wao wa zamani, huku anagonga meza kwa kiganja, akagonga kwenye mikazo tu, mitano, na ghafla tukasikia. Lekchara alikaa chini akamwachia ubao. Ukiwa darasa la watu mia tano kitu kama kile hakitokei, nani atamsikia.

Upande wa vitabu vyenyewe, ratiba ilikuwa ya kizamani mwanzoni na inachangamka baadaye. Mwaka wa kwanza ni Shakespeare na Wakristo wenzake, George Herbert aliyekuwa mchungaji wa kijijini, John Donne aliyekuja kuwa mkuu wa kanisa kuu la St Paul's London 1621 na ambaye ujanani aliandika mashairi ya kitandani ambayo padri wetu aliyafundisha akiwa anacheka mwenyewe, Milton na Paradise Lost ya 1667. Biblia ya Kiingereza ya 1611 tuliisoma kama fasihi na hilo nalisifu bila kubana, maana nusu ya Kiingereza cha waandishi wa zamani kimetoka humo, mtu aliyekulia kwenye kwaya anaanza na mtaji. Tukalinganisha pia Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na Kiingereza chake, mistari bila vina hivyo hivyo kama Shakespeare alivyoacha. Nyerere mwenyewe alifundisha St. Mary's pale Tabora kabla hajaenda Edinburgh, kwa hiyo vijana wa reli ya kati mnaposema litricha ni ya watu wa Dar mnakosea.

Waafrika wanakuja mwaka wa pili. Ndo unakutana na ule waraka wa 1968 wa Nairobi, wahadhiri wa chuo kikuu kule, Ngũgĩ na Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba, wanataka idara ya Kiingereza ya chuo chao ivunjwe na fasihi ya Afrika ikae katikati. Tulibishana hapo mpaka chakula cha mchana kikapoa, na uzuri ni kwamba mle darasani alikuwemo kila mtu, mtoto wa mchungaji, mwalimu wa cheti aliyejiendeleza, mimi, na wote tumesoma kitu kile kile wiki ile. Kwangu waraka huo ungekuja wa kwanza kabisa ndo Milton afuate. Ukishafundishwa mwaka mzima kwamba katikati ni London, kuhamisha katikati kunachukua muda.

Haya, kero. Kuna riwaya moja ya Kiafrika iliondolewa kwenye kozi katikati ya semista kwa sababu ya kurasa chache za chumbani. Hakuna aliyetuandikia barua, lekchara alikuja tu akasema tuendelee na nyingine, uso umemshuka. Tulikuwa tumeshatoa kopi stesheneri kwa hela zetu. Na semista hiyo hiyo tunasoma Wimbo Ulio Bora kwenye kozi ya Biblia kama fasihi, matiti kama wana-paa wawili, hakuna aliyestuka. Naelewa kanisa lina misimamo yake na mi ni muumini, lakini ukikubali kufundisha litricha umekubali kufundisha watu walivyo, la sivyo fundisheni bustani.

Maktaba. Jamani maktaba. Ile michango ya maktaba tunayolipa sijui inakwenda wapi. Riwaya moja nakala mbili, darasa zima mnaigombania, na moja haina kurasa za mwisho, kwa hiyo unakuta watu wamesoma kitabu chote ila hawajui kilivyoisha wanaulizana kwenye foleni ya chakula. Vile vitabu vya waandishi wa Afrika vya Heinemann, vya jalada la chungwa, vipo lakini vimechoka. Kilichotusaidia ni Project Gutenberg, vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki imeisha unashusha bure, Milton, Dickens, Austen, Shakespeare wote wamo, fanya hivyo ukiwa bado Kigoma kwenye intaneti ya kueleweka. Ila Achebe na Ngũgĩ huwakuti humo, hao hakimiliki yao bado ipo, hao inabidi ununue au uazime, na ndo maana nawaambia wazazi badala ya kumnunulia mtoto begi la magurudumu mnunulieni riwaya tano sita za Kiafrika aende nazo. Atakuwa tajiri hosteli nzima.

Hela. Ada kwa vyuo hivi inapita milioni kwa mwaka, na juu yake kuna michango inayoota kama uyoga, usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, kila kimoja kidogo. Bodi ya Mikopo wanatoa lakini bumu, hiyo hela ya mkopo ya kujikimu, lina tabia zake, na mwaka mmoja chuo kilichelewesha kupeleka matokeo, sasa bila matokeo bodi haiachii kitu, tukakaa tunakula ugali wa kukopa kwa mama ntilie mmoja mwenye roho nzuri ambaye daftari lake la madeni lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko insha zetu. Ofisini ukiuliza unaambiwa omba Mungu. Naomba sana Mungu, lakini faili alitakiwa alitume mhasibu.

Darasa la kuandika hadithi lilikuwa mwaka wa tatu, na alitufundisha mgeni wa kujitolea kutoka Marekani kwa semista moja. Huko kwao mtindo ni mnakaa duara, hadithi yako imeshasomwa na wote, wewe mwenye hadithi unafunga mdomo, wenzako wanaijadili kana kwamba haupo. Huu mtindo ulikomaa Iowa, wana programu yao ya uandishi tangu 1936. Kwetu uligoma mwezi mzima. Kila mtu anasema hongera dada, umeandika vizuri, Mungu akuzidishie. Nani atamwambia mwenzake hadithi yako imelala, na jioni mnakula meza moja? Yule mama akahangaika, mwisho akabadilisha swali, mtu asiseme nini kibaya, aseme aliacha kusoma wapi akaangalia simu. Hapo milango ikafunguka. Watu wakawa wanasema mi nimeangalia simu ukurasa wa pili pale unapoelezea mandhari ya machweo. Niliumia na nilipona. Sasa hivi na wanafunzi wangu natumia swali hilo hilo na linafanya kazi mpaka fom tuu.

Ajira, maana najua mnaisubiri. Sikilizeni vizuri hapa. Ukisoma shahada ya litricha na uandishi peke yake bila elimu ndani yake, kwenye portal ya ajira za ualimu huna sehemu ya kusimama mpaka uongeze stashahada ya uzamili ya elimu, mwaka mwingine na ada nyingine. Vyuo vingi vya kanisa vinayo ile ya sanaa na elimu pamoja, unachukua Kiingereza na somo la pili la kufundishia, unafanya na mazoezi ya kufundisha, chukua hiyo. Fasihi unaipata ile ile kwa sehemu kubwa na mlango unabaki wazi. Waliosoma na mimi wengi ni walimu, shule binafsi kwanza halafu serikalini wakibahatika. Ila kuna ambao uandishi ndo umewatoa. Mmoja yupo Kasulu anaandika ripoti kwenye shirika linalofanya kazi kambi ya Nyarugusu, na aliniambia kwenye usaili walipewa nusu saa waandike ukurasa mmoja kuhusu kijiji wanachokijua. Wenzake walianza na nchi yetu imebarikiwa.

Mambo ya kinidhamu nayapitia haraka: geti linafungwa mapema, mavazi yanaangaliwa, kilevi ni kufukuzwa, na ukiwa na mchumba watu wote watajua. Mtu aliyekulia nyumba za Kigoma hatashangaa chochote.

Kwa hiyo dirisha la maombi likifunguliwa, kwanza hakikisha kozi yenyewe imo kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa jina lake kamili, siyo jina la kwenye bango. Halafu piga simu chuoni uombe kuongea na idara ya Kiingereza, siyo udahili, udahili watakusifia nyasi. Uliza mwaka wa kwanza mko wangapi na asaimenti za kuandika zinasahihishwa na nani. Wakikujibu ni lekchara mwenyewe na anaandika maoni, jaza. Wakikwambia kuna msaidizi anazipitia, basi afadhali uende kwenye nyomi Dar, angalau kule vitabu vipo.